Tuwe Wepesi wa Kufungua, Wazito wa Kuwasha

Ndugu wanachama na wanakijiji wote,

Mkutano mkuu wa chama chetu unakaribia. Katika mambo yatakayoletwa mbele yenu kuna moja ambalo wengine wanaliona dogo, nalo ni hili: nini kifanyike boti ya chama, au pampu, au mashine yoyote ya chama, inapoingia maji. Sisi tunaoandika ubao huu hatulioni dogo. Tumeamua kutoa maoni yetu mapema ili kila mmoja ayapime, ayapinge akitaka, na aje mkutanoni akiwa amekwisha fikiri. Maandishi ni marefu, yamejaa ubao mzima. Asiyeweza kusimama mpaka mwisho asome nusu leo na nusu kesho. Na anayejua kusoma amsomee mzee ambaye macho yamechoka.

Habari yenyewe mnaijua. Mwezi uliopita upepo na mvua ya usiku viliijaza maji boti yetu ikiwa imefungwa pale ufukweni mwa ziwa Basotu. Asubuhi ilikutwa imelala kisogo chini, injini ya kupachika imefunikwa yote na maji. Watu wakagawanyika palepale. Kundi la kwanza likasema, "Ivutwe nje iwashwe sasa hivi, keshokutwa ni mnada." Kundi la pili likasema, "Hapana, iachwe juani wiki nzima ikauke yenyewe." Fundi aliyeitwa akayakataa yote mawili. Aliifungua injini siku ileile, na boti ikakaa siku mbili bila kwenda ziwani. Leo injini ipo na inafanya kazi. Lakini maneno hayajaisha. Eti tulipoteza mnada kwa woga, eti fundi alijitafutia ulaji.

Maoni yetu ni kwamba fundi yule alifanya sawa, na alivyofanya yeye ndivyo inavyofaa iwe kanuni ya chama. Tunaisema kwa maneno machache ili ishikike kichwani: tuwe wepesi wa kufungua, wazito wa kuwasha. Sasa tunaeleza kwa nini.

KWA NINI ISIWASHWE

Chukueni bomba la kujazia upepo baiskeli. Zibeni mdomo wake kwa kidole, kisha sukumeni. Mpini unaingia kidogo, kwa sababu hewa hukubali kubanwa. Sasa lijazeni maji, zibeni tena, sukumeni. Haliendi hata kidogo. Maji hayabonyei.

Ndani ya injini kuna pistoni inayopanda na kushuka katika silinda, nayo kazi yake ni kubana hewa na petroli. Silinda ikiwa na maji, pistoni inapopanda inakutana na kitu kisichobonyea. Mtu anavuta kamba kwa nguvu zake zote, maji hayana pa kwenda, basi kinachokubali kupinda ni chuma. Mara nyingi kinachopinda ni ule mkono unaoishika pistoni, mafundi wanauita konrodi. Ukishapinda, au silinda ikipasuka, hapo hatuzungumzii tena plagi na oili. Tunazungumzia karibu injini nyingine.

Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza aliyekuwa na boti ni hili: injini ilipofunikwa na maji ilikuwa inazunguka au ilikuwa imezimwa? Ikiwa ilikuwa imezimwa, kama ilivyokuwa safari hii, matumaini ni makubwa. Ikiwa ilikuwa inazunguka, huenda konrodi imekwisha pinda wakati ule ule, na fundi hana budi kuitazama kwa ndani kabla ya jambo lolote. Mwenye kujua aseme kweli. Asifiche kwa kuogopa lawama, maana kuficha ndiko kutakakoua injini.

KWA NINI ISIACHWE JUANI

Wale waliosema iachwe ikauke nao walikuwa na nia njema, lakini nia njema haizuii kutu. Chuma hupata kutu pale maji na hewa vinapokutana juu yake. Injini ikiwa chini ya maji hewa ni kidogo, kutu huenda polepole. Injini ikitolewa nje ikiwa imelowa, hewa inaingia kila mahali, na hapo ndipo kutu inapoanza kula kwa kasi, katika beringi, katika ringi za pistoni, katika ukuta wa silinda. Kazi hiyo ni ya saa, haingoji wiki. Mtu anayeiacha juani siku saba anaona nje imekauka, anafurahi, kumbe ndani imekwisha ng'ang'ania.

Kuna jambo wengi walilicheka, nasi tunalirudia kwa sababu ni kweli. Ikiwa injini imeopolewa na hakuna fundi wala vifaa vya kuifungua kwa saa chache zijazo, ni heri irudishwe ndani ya pipa la maji safi yasiyo na chumvi, ikae humo mpaka fundi afike, kuliko kuiacha imelowa upeponi. Inaonekana kama wazimu, lakini ndiyo njia ya kuizuia hewa.

Mfano upo hapa hapa nchini kwetu. Meli ya Liemba ya ziwa Tanganyika ilijengwa na Wajerumani huko Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikaingizwa majini mwaka 1915 kwa jina Graf von Götzen. Mwezi Julai 1916, wakati wa vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wao walizipaka injini girisi nene. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa meli ile, na injini zake zikakutwa bado zinafaa. Miaka mingi baada ya kuzamishwa! Iliwekewa ulinzi kabla ya maji kufika, na ililala katika maji yasiyo ya bahari.

Lakini angalieni jambo la pili katika habari hiyo. Meli iliopolewa mwaka 1924 na ikarudi kazini mwaka 1927. Hakuna aliyeiopoa asubuhi akaiwasha jioni. Ilifunguliwa, ikatazamwa, ikatengenezwa, ndipo ikaitwa Liemba na kubeba watu. Sisi boti yetu haihitaji miaka 3. Inahitaji siku 2. Je, siku 2 ni nyingi?

MAMBO YA KUTAZAMA, KWA MPANGILIO

Kwanza, watu. Boti ikijaa maji ikiwa safarini, kabla ya kutazama injini wahesabiwe watu. Wote wapo? Kuna aliyemeza maji, aliyeumia, anayetetemeka kwa baridi? Anayekohoa au kuhema kwa shida baada ya kumeza maji apelekwe zahanati hata kama anasema amepona, kwa sababu maji yaliyoingia kifuani huweza kumletea shida baada ya saa kadhaa. Injini hununuliwa, ndugu zangu.

Pili, boti yenyewe. Maji yameingilia wapi? Yametoka juu au yametoka chini? Ya juu ni ya mvua, ya mawimbi, au ya kupakia kupita kiasi. Ya chini ni ya ufa, ya maungio ya mbao, ya tundu la msumari uliolegea, ya kizibo kilichosahauliwa. Namna ya kujua ni rahisi: toeni maji yote, kausheni ndani kwa tambara, irudisheni boti majini ikiwa tupu bila injini, mkae nayo saa moja. Panapolowa panaonekana. Patieni alama ya mkaa, ivuteni boti nchi kavu, izibeni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye boti ukuta hauna pa kusimama.

Utazamwe pia ubao wa nyuma ambao injini imebanwa. Skrubu za kubania zimelegea? Ubao umeoza au umepasuka? Injini nzito juu ya ubao mbovu itakwenda na ubao.

Tatu, kuondoa maji ndani ya injini. Mpangilio wake ni huu:

(a) Swichi iwe imezimwa. Kwa mashine zenye betri, nyaya za betri zitolewe. Hakuna sigara, hakuna kibatari, hakuna jiko karibu.

(b) Injini ioshwe nje kwa maji safi kuondoa tope, majani na mchanga. Kama ililowa maji ya magadi au ya chumvi, kama yale ya Balangida au Eyasi, isuuzwe kwa maji mengi zaidi, maana chumvi na magadi hula chuma, na alumini huliwa vibaya zaidi.

(c) Plagi ifunguliwe itolewe, na waya wake uwekwe mbali na tundu. Injini ilazwe, tundu la plagi likitazama chini.

(d) Gurudumu la juu, lile linalozungushwa na kamba, lizungushwe kwa mkono polepole. Maji yatatoka kwenye tundu la plagi. Likikataa kuzunguka, simama hapo hapo. Usitie nyundo, usiongeze watu wa kuvuta. Mwite fundi.

(e) Maji yakikoma kutoka, ziwekwe oili kidogo ndani ya tundu la plagi, gurudumu lizungushwe tena ili oili ienee. Oili hii ndiyo girisi ya Liemba kwetu sisi.

Nne, mafuta. Petroli yote ya tangi, ya bomba, ya filta na ya kabureta itolewe. Msitegemee macho kutazama ndani ya tangi. Mimineni petroli katika chupa nyeupe ya kioo mwiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na mstari utaonekana wazi. Kabureta ifunguliwe bakuli lake la chini, maana tone la maji likikaa pale injini itawaka dakika moja na kuzima katikati ya ziwa. Na ziwa letu lina viboko. Kuzimikiwa injini karibu na viboko si jambo la mzaha.

Tano, oili. Injini zipo za aina mbili. Ipo ile ambayo oili huchanganywa na petroli, hiyo haina oili ya kumwaga chini. Ipo ile yenye oili yake peke yake, hiyo itazamwe kwa kijiti chake. Oili ikiwa imegeuka rangi kama chai ya maziwa, ina maji. Imwagwe yote, itiwe mpya, injini ikishawashwa dakika chache izimwe, oili itazamwe tena. Ikiwa bado ni chai ya maziwa, imwagwe tena. Wengine wanalia hapa kwamba oili ni ghali. Ni kweli, oili ni ghali, lakini haifiki bei ya beringi na pistoni.

Injini zote mbili zina oili nyingine kule chini karibu na propela, ya gia. Ile nayo itazamwe. Ikiwa nyeupe, basi mpira unaozuia maji umekwisha, na kubadili oili peke yake hakutoshi.

Sita, nyaya na plagi. Nyaya zikaushwe kwa tambara safi na upepo. Plagi isafishwe ikauke kabisa, au itiwe mpya.

Saba, kuwasha. Sasa ndipo kamba inavutwa. Injini iwe ndani ya pipa la maji au ibanwe kwenye boti iliyofungwa ufukweni, maana ikiwashwa kavu mpira wa pampu yake ya kupoza unaungua. Tazameni maji ya kupoza yanavyotoka pembeni. Yasipotoka, zimeni, huenda tope limeziba njia. Yakitoka vizuri, iacheni izunguke polepole walau nusu saa ili joto likaushe unyevu uliobaki. Sikilizeni sauti. Mgongano wa chuma kwa chuma ni habari mbaya.

Nane, majaribio. Boti iende na watu wawili wanaojua kuogelea, wamevaa maboya, wakipita kandokando ya ufuko. Ikirudi salama itazamwe tena chini kama kuna maji, na oili itazamwe tena. Hapo tu ndipo samaki, mizigo na abiria waruhusiwe.

Oili na petroli iliyomwagwa isimwagwe ziwani wala mfereji wa kwendea ziwani. Iwekwe kwenye galoni. Ziwa lile ndilo sufuria yetu.

MAJI NDANI YA BOTI NI MZIGO UNAOTEMBEA

Wapo wanaosema, "Maji kidogo miguuni si kitu, tumezoea." Hebu tupige hesabu. Debe moja la maji ni lita 20, yaani kilo 20. Madebe 10 ni kilo 200, sawasawa na watu wazima 3. Mnapoona maji yamefika vifundoni mmekwisha pakia abiria ambao hamkuwahesabu. Tena abiria hawa ni wabaya, maana hawakai mahali pamoja. Gunia likiwekwa kulia linakaa kulia. Maji, boti ikiinama kulia kidogo, yote yanakimbilia kulia na kuiinamisha zaidi. Hivyo ndivyo boti inavyopinduka hata pale ambapo haijajaa mpaka juu.

Nchi yetu imelia mara nyingi kwa ajili ya vyombo vya majini. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu sana na Ukara, ikiwa inakaribia kufika. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba watu 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 220. Vyombo hivyo ni vikubwa kuliko boti yetu, na habari zake si za injini iliyolowa. Tunazitaja kwa sababu ya fundisho moja: maji hayajali kwamba ufuko unaonekana. Boti yetu ni ndogo na ziwa letu ni dogo, lakini mtu mmoja akizama ni mtoto wa nyumba fulani hapa hapa kijijini.

SI BOTI PEKE YAKE

Baadhi yenu mtasema, "Mimi si mvuvi, boti inanihusu nini?" Ndugu, inakuhusu. Ndugu zetu wa Mbulu wanaolima vitunguu saumu kwa kumwagilia wanajua pampu inavyobebwa na mto mvua ikinyesha milimani. Vijana wa bodaboda wanavuka korongo lililojaa na pikipiki inazimika katikati. Mashine ya kusaga inaweza kuingiliwa na maji usiku. Kanuni ni ileile: usipige kiki, usizungushe hendeli, usivute kamba, mpaka maji yametoka.

Pikipiki ifunguliwe plagi na filta ya hewa, itazamwe oili. Mashine ya dizeli haina plagi, kwa hiyo fundi afungue nozo ndipo izungushwe kwa mkono polepole. Mashine ya kusaga inayotumia mota ya umeme isiguswe kabisa: umeme uzimwe kwenye swichi kuu na mtu ambaye mikono yake ni mikavu na hajasimama majini, kisha mota ikaushwe na kupimwa na fundi umeme. Mota iliyolowa haiharibiki tu yenyewe, inaua.

Na maji ya tope ni mabaya kuliko maji ya ziwa. Hili watu wa Hanang hatufundishwi na mtu. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima wetu ulishusha maji, matope, mawe na magogo juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Nyumba, maduka na magari vilifukiwa. Katika msiba ule hakuna aliyekuwa na haki ya kufikiria injini kabla ya watu, nasi tunawakumbuka marehemu kwa heshima. Lakini baada ya mazishi maisha yalipaswa kuendelea, na maisha ya siku hizi yana mashine ndani yake. Tope lina mchanga, na mchanga ndani ya injini ni msasa. Injini iliyofukiwa na tope haitoshi kukaushwa. Inapaswa kufunguliwa, kuoshwa kipande kwa kipande, ndipo ifungwe tena. Anayeiwasha kwa haraka anasaga silinda yake mwenyewe.

TUNAPENDEKEZA NINI

Mkutano mkuu upitishe mambo 6 yafuatayo:

1. Mashine yoyote ya chama iliyoingia maji ifungwe kibao chenye maneno ISIWASHWE, na asiwepo mtu wa kuiwasha, awe mjumbe wa kamati au mwenyekiti mwenyewe, mpaka itazamwe.

2. Wachaguliwe watu 3 wa kuitazama, na mmoja wao awe mwanamke. Akina mama ndio wanaosubiri mashine ya kusaga na ndio wanaouza samaki, kwa hiyo wana haki ya kujua kilichomo.

3. Pawe na sanduku moja la chama lenye spana ya plagi, plagi mpya, oili, filta, chupa nyeupe ya kioo, matambara safi na pipa la maji. Ufunguo ukae mahali panapojulikana, usitembee mfukoni mwa mtu kwenda mnadani.

4. Liwepo daftari la injini. Iandikwe siku iliyoingia maji, ilikuwa inazunguka au imezimwa, nani aliitazama, nini kilibadilishwa, na ilijaribiwa lini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na injini ni mali.

5. Boti iwe na ndoo ya kuchotea maji iliyofungwa kwa kamba, makasia mawili, na boya la kuvaa kwa kila mtu. Idadi ya watu inayoruhusiwa iandikwe kwa rangi ubavuni. Afisa uvuvi aombwe aje aitazame. Na inapokaa ufukweni wakati wa mvua, ivutwe nchi kavu na injini ifunguliwe ikalale ghalani.

6. Sehemu ndogo ya mapato ya kila mnada iwekwe kando kwa ajili ya oili na plagi, isiguswe kwa jambo jingine.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Tumesikia hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba siku 2 bila boti ni hasara. Hatubishi, ni hasara kweli, na mama aliyekuwa na wateja mnadani aliipata. Lakini linganisheni siku 2 na msimu mzima. Chama chenye injini iliyopinda konrodi hakipotezi mnada mmoja, kinapoteza minada yote mpaka fedha ya injini nyingine ipatikane. Na mnajua jinsi michango inavyokwenda.

Hoja ya pili ni kwamba haya ni mambo ya mafundi waliosoma. Sehemu yake ni kweli. Kufungua konrodi ni kazi ya fundi. Lakini kutoa plagi, kumwaga petroli chupani na kutazama rangi ya oili ni kazi ya mtu yeyote mwenye macho na spana. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, jinsi watu walivyokaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakungoja kila mmoja awe daktari. Sisi nasi tunaweza kukaa chini ya mti Jumamosi moja, fundi akatuonyesha, kila mtu akashika spana kwa mkono wake. Tena wapo kati yetu wazee waliofanya kazi ya matrekta katika mashamba ya ngano ya Basotu zamani. Waulizwe. Wanajua mengi kuliko wanavyosema.

Hoja ya tatu haisemwi waziwazi, inanong'onwa: boti ni ya chama, ikifa itanunuliwa na chama. Jamani, chama ni nani? Chama hakina ng'ombe, hakina shamba la urithi, hakina mjomba mjini. Fedha ya chama ni jasho la yule aliyeuza mahindi yake akaleta hisa, na la mjane aliyetoa kidogo kila mwezi. Pikipiki ya mtu mwenyewe ikilowa anaikausha kwa shati lake. Injini ya chama ikilowa anasema ivutwe tu. Hapo ndipo ushirika unapofia, mahali pengi, wala si kwa kukosa fedha.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, njooni mkutanoni. Asiyekubali aje aseme, tutamsikiliza. Anayekubali aje anyooshe mkono, kwa sababu kukubali huku umekaa nyumbani hakuhesabiwi. Na kuanzia leo, hata kabla ya kura, ukimwona mtu anaishika kamba ya injini iliyolowa, mshike mkono kwa upole umwambie: ndugu, kwanza plagi.

Ushirika ni nguvu.

Wenu katika kazi,
Sisi wa Kamati ya Ubao